Kutoka Yokohama Hadi Naha: Uhuru Ulioletwa kwa Amri

Hoteli New Grand, kando ya bandari ya Yokohama, ina hadithi yake ya yai. Inasimuliwa kwamba Jenerali Douglas MacArthur, baada ya kutua uwanja wa Atsugi tarehe 30 Agosti 1945 na kiko chake mkononi, alikuja kulala hapa, na asubuhi moja akaagiza mayai. Likaletwa yai moja. Meneja akaeleza kwa unyenyekevu kwamba watu wake wameuzunguka mji mzima na hilo ndilo walilopata. Huenda hadithi imetiwa chumvi, ila njaa yenyewe haikuhitaji kutiwa chumvi. Mabomu ya mwezi Mei yalikuwa yameiteketeza Yokohama, na familia nyingi ziliishi kwa viazi vitamu na chochote kilichochumika porini. Chumba namba 315, alicholala Jenerali, bado kinaitwa kwa jina lake, na mwenye uwezo anaweza kukipanga.

Chini, mgahawani, wanaendelea kupika chakula kilichozaliwa miaka ile. Jeshi la Marekani lilikuwa limeitwaa hoteli, na mpishi mkuu, Irie Shigetada, akawaona askari wakimwagia spageti tomato sosi tupu na kula kwa furaha. Akaona aibu kwa niaba ya jiko lake, akaunda mchuzi wa nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, nyama ya nguruwe na uyoga. Ndivyo wenye hoteli wanavyosimulia asili ya Napolitan. Baadaye vijimgahawa vya mitaani vikairudisha sosi ya chupa, vikaongeza pilipili hoho na soseji, na sasa hakuna mji wa Japani usiokijua chakula hicho. Mtu wa Napoli akikionja atakwenda kushtaki. Nilikula cha hotelini, nikala na cha mtaani, na nisiwe mnafiki: nilichokirudia ni cha mtaani.

Kilichonipeleka huko, lakini, hakikuwa tumbo. Majeshi yaliyoshinda vita, ambayo karibu yote yalikuwa ya Marekani, yaliikalia Japani mpaka tarehe 28 Aprili 1952, na katika miaka hiyo yakaiamuru iwe nchi ya kidemokrasia. Yakaiamuru! Mtu huamriwaje kuwa huru? Na katiba iliyoandikwa na wageni kwa haraka imedumu vipi? Katiba ya Japani ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947, na mpaka leo hakijabadilishwa kifungu hata kimoja. Katiba nyingi zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, kwa miaka mingi na posho nyingi, zimekwisha kuzikwa.

Tokyo, ukitoka kituo cha Hibiya, unakutana na jengo la Dai-ichi: nguzo za mraba, rangi ya kijivu, sura ya mhasibu asiyetaka mzaha. Lilikuwa la kampuni ya bima. Mbele yake kuna barabara, kisha mfereji mpana wa maji, kisha ukuta wa mawe wa makazi ya Mfalme. MacArthur aliweka ofisi yake ghorofa ya sita, na kwa zaidi ya miaka mitano mtawala halisi wa Japani alikuwa anakaa ng'ambo ya maji, akiitazama ikulu kutoka juu. Watu walikusanyika mlangoni kumwona akiingia na kutoka. Wakamwandikia barua zinazokadiriwa kufika nusu milioni, wakimsifu, wakimshtakia viongozi wao, wakimpelekea zawadi. Mfalme mmoja alikuwa amepungua ukubwa. Wengi walitafuta mwingine.

Kupungua kwenyewe kulipigwa picha. Tarehe 27 Septemba 1945 Mfalme Hirohito alimtembelea Jenerali kwenye ubalozi wa Marekani. Katika picha, Mmarekani mrefu amesimama bila tai, mikono kiunoni; pembeni yake Mfalme, mfupi, amevaa suti rasmi na amenyooka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Serikali ya Japani ilijaribu kuyazuia magazeti yaliyoichapa. Makao makuu ya Wamarekani yakaamuru yaachiwe. Siku chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, ikaja amri nzito zaidi: wafungwa wa kisiasa watolewe, polisi wa kupeleleza fikra za watu wavunjwe, na Sheria ya Kulinda Amani ya 1925, ambayo iliwapeleka wengi gerezani kwa sababu ya mawazo tu, ifutwe. Baraza la mawaziri likajiuzulu badala ya kuitekeleza. Wiki moja baada ya hapo MacArthur akampa Waziri Mkuu mpya, Shidehara Kijuro, orodha ya mambo ya kufanya, na la kwanza lilikuwa wanawake wapige kura.

Hapo ndipo msafiri anapotakiwa kupunguza mwendo. Ukisoma orodha hiyo peke yake utasema kura ya wanawake ilishuka na ndege. Lakini Ichikawa Fusae alikuwa ameidai tangu miaka ya 1920, akaanzisha chama kwa ajili yake, akazomewa kwa ajili yake. Tarehe 25 Agosti 1945, siku tano kabla kiko cha Jenerali hakijaonekana Atsugi, alikuwa tayari amewakusanya wanawake wenzake kwenye mji wa majivu na kuanza kuwasumbua wakubwa. Baraza la Shidehara lilikuwa limeshakubaliana juu ya jambo hilo kabla ya kukabidhiwa orodha. Historia ina kejeli zake: siku ya uchaguzi, tarehe 10 Aprili 1946, Ichikawa alifika kituoni akakuta jina lake halimo kwenye daftari. Mwaka uliofuata Wamarekani wakampiga marufuku kushika nafasi yoyote ya umma, kwa sababu ya aliyoyafanya wakati wa vita. Alirudi, na mwaka 1953 akachaguliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge.

Wanawake 39 walishinda viti siku ile ya Aprili. Idadi hiyo haikupitwa katika Baraza la Wawakilishi mpaka uchaguzi wa mwaka 2005. Amri ilifungua mlango, kisha mlango ukarudi karibu wote kwa miaka karibu 60, na hakuna askari wa kigeni aliyekuwapo wa kulaumiwa. Oktoba 2025 ndipo Japani ilipata mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu, Takaichi Sanae, naye ni mhafidhina ambaye wengi wa wanaharakati wa haki za wanawake hawakumpigia vigelegele.

Jengo la Bunge, Nagatacho, huruhusu wageni. Mlinzi huwapanga watu safu mbili kama watoto wa shule, zulia ni zito, sauti zinashushwa zenyewe. Katika ukumbi wa kati kuna pembe nne na mawe manne ya kusimamishia sanamu. Matatu yana watu: Ito Hirobumi, Okuma Shigenobu na Itagaki Taisuke, wazee wa siasa za karne ya 19. La nne halina kitu. Wapo wanaosema wakubwa walishindwa kukubaliana nani apande, na wapo wanaosema limeachwa kwa makusudi, kuwakumbusha wabunge kwamba kazi ya siasa haijakamilika. Maelezo ya kwanza yananishawishi zaidi. Nimewaona wanasiasa wengi.

Mwaka 1946 katiba mpya ilijadiliwa katika jengo hili kwa miezi kadhaa. Kisa cha kuandikwa kwake kinajulikana sana Japani, na kila anayekisimulia huvutia upande wake. Serikali ilikuwa imemkabidhi kazi hiyo mwanasheria Matsumoto Joji, ambaye aliipaka rangi katiba ya zamani na kumwacha Mfalme karibu palepale alipokuwa. Tarehe 1 Februari gazeti la Mainichi likaifichua kazi hiyo. MacArthur hakungoja. Akamwagiza Jenerali Courtney Whitney na kundi lake waandike rasimu yao, na chini ya Kanali Charles Kades wakaimaliza kwa muda wa wiki moja hivi. Tarehe 13 Februari ikawekwa mezani mbele ya Matsumoto na Yoshida Shigeru, Waziri wa Mambo ya Nje, waliokuwa wamekuja wakidhani wanakwenda kujadili rasimu yao wenyewe.

Katika kundi la Kades alikuwamo binti wa miaka 22, Beate Sirota. Alizaliwa Vienna, baba yake mpiga piano aliyekuja kufundisha Tokyo, naye akakulia huko, akikijua Kijapani kama watoto wa mtaani kwake. Alipanda gari la jeshi, akazunguka maktaba zilizosalimika kukusanya katiba za nchi nyingine, kisha akaandika vifungu vya haki za wanawake. Alitaka mengi: msaada kwa wajawazito, haki sawa kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Wakubwa wake waliyakata, naye akalia. Kilichobaki ni Kifungu cha 24, kwamba ndoa itafungwa kwa ridhaa ya wawili hao na kwamba mume na mke wana haki sawa. Kwa nchi ambamo baba wa nyumba alikuwa na sauti ya kisheria juu ya nani aoe nani, hayo hayakuwa maneno madogo. Wajumbe wa Japani walikipinga katika kikao kilichokesha usiku wa tarehe 4 Machi, ambamo rasimu ilikuwa ikibanwa neno kwa neno. Sirota mwenyewe alikuwa mle chumbani, akitafsiri.

Wajapani waliongeza na ya kwao, na hili husahaulika. Wamarekani walitaka Bunge la baraza moja. Wenyeji wakang'ang'ania mawili, wakapata. Na Kifungu cha 25, kinachompa kila raia haki ya kuishi maisha yenye afya na utamaduni, hakikuwamo kwenye rasimu ya Wamarekani katika sura hiyo. Kilitoka kwa wabunge wa chama cha Kisoshalisti, wakati watu walikuwa wanaanguka kwa njaa. Kipindi hichohicho hakimu mmoja wa Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, aliyekuwa akiwahukumu watu kwa kununua chakula cha magendo, alikataa kula kisichotoka kwenye mgao halali. Akafa kwa utapiamlo mwezi Oktoba 1947, umri wake miaka 33. Ukipita leo vichochoro vya Ameyoko, karibu na kituo cha Ueno, katikati ya wauza samaki wanaopiga kelele, viatu vya bei poa na harufu ya nyama ya kuchoma, unakanyaga palipokuwa soko la magendo. Wengine wote walikula hapo. Hakimu hakula.

Mwenyeji wangu Tokyo alikuwa mama mstaafu, mwalimu wa zamani, anayeishi kitongoji cha magharibi chenye nyumba zilizobanana na miti ya makaki inayochungulia juu ya kuta. Alinipeleka kwenye jumba la jamii la mtaa wao. Majumba haya, kominkan, yalianza kujengwa kuanzia 1946 kwa wazo kwamba watu wanaotaka kujitawala wahitaji mahali pa kukaa na kubishana. Siku ile hapakuwa na ubishi. Palikuwa na wazee wakijifunza kuimba. Mmoja wao, anayekaribia miaka 90, alikubali kuzungumza nami wakati wa chai.

"Mzee, unakumbuka nini cha mwaka ule?" nilimwuliza.

"Wino," alisema.

Vuli ya 1945, kabla vitabu vipya havijachapwa, walimu waliwaamuru wanafunzi wachukue brashi na wino wafute maneno ya vita katika vitabu vyao vya kiada. Mwalimu anasoma: ukurasa fulani, mstari wa tatu mpaka wa tisa. Darasa zima linapaka weusi. Kurasa nyingine hazikubaki na kitu. "Mwalimu aliyenizaba kofi kwa kutoinama vizuri mbele ya picha ya Mfalme," alisema, "ndiye huyohuyo aliyetutajia mistari ya kufuta. Hakueleza. Na sisi hatukuuliza." Alikunywa chai. "Tangu siku hiyo, mtu mzima akisema jambo kwa uhakika, mimi husubiri kwanza."

Alipofika sekondari ya chini alisomeshwa kijitabu cha Wizara ya Elimu kilichotolewa mwaka 1947 kuieleza katiba mpya kwa watoto. Picha yake moja Wajapani wa rika lake wanaikumbuka mpaka kesho: chungu kikubwa, ndani yake vinatumbukizwa mabomu na ndege za vita, na kwa chini vinatoka treni, meli, gari la zimamoto na majengo. Hicho ndicho kilikuwa Kifungu cha 9, cha kuachana na vita, kwa lugha ya mtoto. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, MacArthur huyohuyo akaagiza Japani iunde kikosi cha akiba cha polisi 75,000, mbegu ya jeshi la leo. Kijitabu kikaondolewa madarasani. Mzee alicheka sana alipokuwa akieleza hayo. Kisichomchekesha mpaka leo ni maziwa ya unga ya msaada waliyonyweshwa shuleni. Alikunja uso kana kwamba kikombe kiko mbele yake.

Wino haukuwa wa watoto peke yao. Wamarekani waliotangaza uhuru wa magazeti walikuwa na idara kubwa ya udhibiti, ikisoma magazeti, barua, vitabu na hata michezo ya kuigiza. Haikuruhusiwa kuandika kwamba udhibiti upo. Haikuruhusiwa kuandika kwamba wageni ndio walioitunga rasimu ya katiba. Filamu za samurai zenye visasi zilizuiwa, na wakati huohuo maofisa waliwahimiza watengenezaji waonyeshe wapendanao wakibusiana, kwa hoja kwamba watu walioacha kujificha katika mapenzi wataacha kujificha katika siasa. Mei 1946 busu la kwanza likaonekana kwenye sinema ya Japani, na watu wakapanga foleni. Busu la maelekezo kutoka juu!

Wafanyakazi nao walijifunza mpaka uko wapi. Sheria ya vyama vyao ilipita Desemba 1945, na katika muda mfupi mamilioni walijiunga. Walipopanga mgomo wa nchi nzima wa tarehe 1 Februari 1947, Jenerali aliupiga marufuku jioni ya mwisho. Kiongozi wao, Ii Yashiro, alipelekwa redioni kuutangaza mwisho wa mgomo wake mwenyewe, na sauti yake ilikatika kwa kilio. Miezi miwili na kitu baadaye wapiga kura wakakifanya chama cha Kisoshalisti kuwa kikubwa kuliko vyote bungeni, na Katayama Tetsu akawa Waziri Mkuu.

Kwa mwenyeji wangu, jioni, mtoto wa jirani alibisha hodi akaleta ubao mdogo wenye kibanio. Ulikuwa na karatasi: siku ya kutoa takataka za chupa, zoezi la tetemeko la ardhi, taarifa ya msiba. Mama akasoma, akapiga muhuri wake mdogo kwenye mraba wenye jina la familia, akavaa ndala na kuupeleka nyumba inayofuata. Mimi mtoto wa Tanzania nilitabasamu: hii si ndiyo nyumba kumi? Naam, na zaidi ya nilivyodhani. Mwaka 1940 serikali ya Japani iliwapanga raia wote katika makundi ya majirani, nyumba kama kumi kumi. Kundi liligawa chakula cha mgao, lilizima moto wa mabomu, na lilimtazama asiyepeperusha bendera. Aliyekulia kwetu enzi za kadi za sukari, wakati balozi wa nyumba kumi wa chama ndiye aliyejua nani anastahili kilo ngapi, hahitaji kuelezwa nguvu ya jirani mwenye orodha. Wamarekani waliyavunja makundi haya mwaka 1947 wakiyaona mizizi ya udikteta. Wageni walipoondoka, watu wenyewe wakaunda upya jumuiya za mitaa, na ubao ukaanza tena kuzunguka. Mama alisema uanachama ni wa hiari. Nilipomwuliza nini hutokea usipojiunga, alifikiri kidogo. "Hakuna kitu," alisema. "Ila kila mtu atajua."

Treni ya magharibi huishia Musashi-Itsukaichi, kilomita nyingi kutoka kwenye maghorofa lakini bado ndani ya mkoa wa Tokyo. Milima ya misonobari na mierezi inakaribia kabisa, mto una maji ya kuona kokoto. Zamani watu wa hapa waliishi kwa mkaa na hariri. Bondeni Fukazawa kuna ghala la zamani lenye kuta nene za udongo uliopakwa chokaa, kwenye kiwanja cha familia iliyokuwa na mali. Nyumba yenyewe haipo tena.

Mwaka 1968 profesa Irokawa Daikichi na wanafunzi wake walilifungua ghala hilo, na kati ya makaratasi yaliyoliwa na wadudu wakatoa rasimu ya katiba. Ina vifungu 204. Iliandikwa mwaka 1881 na mwalimu wa shule, Chiba Takusaburo, mtu aliyezaliwa kwenye familia ya samurai wa kaskazini walioshindwa vitani, akatangatanga huku na huku akitafuta elimu na dini, mpaka akatua hapa kijijini. Aliungana na Fukazawa Gonpachi, kijana wa nyumba ile yenye ghala, na wanakijiji wengine waliokuwa na kikundi cha kusoma na kujadiliana. Gonpachi aliandika orodha ya mada zao, 63, ikiwamo kama inafaa mwanamke kurithi kiti cha enzi, jambo ambalo Bunge la Japani halijalimaliza mpaka leo. Chiba alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1883, akiwa na miaka 31. Serikali ikaandika katiba yake yenyewe mwaka 1889, zawadi ya Mfalme kwa raia zake, na za wanavijiji zikabaki maghalani.

Ndiyo, zilikuwa nyingi. Ueki Emori wa Kochi aliandika yake mwaka uleule wa 1881. Na hapa uzi unashonwa: msomi Suzuki Yasuzo, aliyetafiti maandishi ya Ueki, ndiye aliyekuwa nguzo ya kikundi cha raia kilichotoa rasimu ya katiba mwishoni mwa Desemba 1945. Wanasheria wa MacArthur waliisoma, wakaisifu katika taarifa zao za ndani, kabla hawajashika kalamu. Kwa hiyo baadhi ya yale yaliyokuja kwa Kiingereza kutoka ghorofa ya sita yalikuwa yanarudi nyumbani. Anayesema katiba ni ya kigeni tupu, na wako wengi Japani wanaosema hivyo, apande treni aje bondeni Fukazawa. Kifungu cha 77 cha Chiba kinasema kujitawala kwa mikoa kusiingiliwe, hata na Bunge la taifa. Nilikinakili kwenye daftari bila kujua kwamba nitakihitaji kusini.

Kabla ya kusini, kaskazini. Niigata ni tambarare ya mpunga isiyo na mwisho, na nje ya mji kuna jumba la familia ya Ito lenye vyumba 65. Ukumbi wake mkubwa unatazama bustani ya mawe na misonobari, na wageni huketi kwenye mikeka wasiseme neno. Familia hii ilimiliki zaidi ya hekta 1,300 za mashamba. Jikoni kuna meko ya kupikia watu kama jeshi. Waliolima walikuwa wengine, na karibu nusu ya mavuno iliingia kwenye maghala ya mwenye ardhi.

Sheria ya mwaka 1946 iliyamaliza hayo kwa kalamu. Kabaila asiyeishi kijijini alinunuliwa ardhi yote. Anayeishi aliachiwa takribani hekta moja ya kukodisha, isipokuwa Hokkaido penye eneo kubwa. Kila kijiji kilichagua kamati: wakulima wa kukodi watano, wenye ardhi watatu, wenye kulima mashamba yao wenyewe wawili. Hao ndio waliokaa usiku wakipima mipaka na kugombana, wala si askari wa kigeni. Ardhi ya kukodi, iliyokuwa karibu asilimia 46 ya mashamba yote, ikashuka kufikia kama asilimia 10, na kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zinapaa, fidia ya makabaila ikayeyuka mikononi. Familia ya Ito ililigeuza jumba lake kuwa makumbusho mwaka 1946, ikiwahi kabla ya wimbi. Msimamizi wa zamu, mwanamume wa makamo, aliniambia babu yake alikuwa mmoja wa waliokodi. "Kwa hiyo sasa unalinda nyumba ya bwana wake?" Alicheka. "Ninapokea kiingilio," alisema. Wakulima waliopata ardhi kwa amri ya Marekani waligeuka kuwa wapiga kura waaminifu wa wahafidhina kwa vizazi viwili. Waliotegemea mapinduzi walibaki na mdomo wazi.

Naha, Okinawa, ni hewa nyingine. Joto, bahari ya kijani, bougainvillea ukutani, na nyama ya kopo ya nguruwe kwenye kila sahani: imekaangwa na matango machungu, imekaangwa na mayai, imewekwa juu ya wali. Kopo hilo lilikuja na jeshi, na jeshi halikuondoka mwaka 1952. Japani ilipopata uhuru wake, Okinawa iliachwa chini ya utawala wa Marekani mpaka tarehe 15 Mei 1972. Katiba ya 1947, yenye Kifungu cha 9 na Kifungu cha 25, haikuwahusu.

Kuna makumbusho madogo mjini yanayomhusu Senaga Kamejiro, mwandishi wa habari na mwanasiasa ambaye Wamarekani walimfunga mwaka 1954. Alitoka, na Desemba 1956 wananchi wa Naha wakamchagua kuwa meya. Utawala wa kijeshi ukasitisha misaada, na fedha za manispaa zikafungiwa benki. Mji ukakaribia kukwama. Wakazi wa Naha wakafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwingine: wakapanga foleni kulipa kodi. Picha ziko ukutani, akina mama na watoto mgongoni, wanaume wenye kofia za nyasi, foleni inapinda kona. Manispaa ikaendesha kazi kwa sarafu zao.

Madiwani wakampigia Senaga kura ya kutokuwa na imani naye. Akalivunja baraza, uchaguzi ukafanyika, wafuasi wake wakapata viti vya kutosha kuzuia asing'olewe tena kwa utaratibu uliokuwapo. Basi Novemba 1957 Kamishna Mkuu wa Marekani, Luteni Jenerali James Moore, akabadilisha utaratibu kwa amri: kura chache zatosha, na aliyewahi kufungwa hawezi kuwa meya. Senaga akaondoka ofisini. Januari 1958 wapiga kura wakamchagua Kaneshi Saichi, aliyeungwa mkono na Senaga mwenyewe. Nilifungua daftari pale pale nikakisoma tena Kifungu cha 77.

Mgahawa niliokula mchana ule ulipika wali uliofunikwa nyama ya kusaga, jibini, letusi na nyanya, pishi lililoanzia mji wa Kin, nje ya lango la kambi ya wanamaji wa Marekani, miaka ya 1980. Mkoa wa Okinawa una asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani na unabeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini. Mwaka 1996 wananchi walipiga kura ya maoni wakitaka kambi zipunguzwe. Tarehe 24 Februari 2019 wakapiga nyingine kuhusu kufukia bahari ya Henoko ili kujenga uwanja mpya wa ndege za kijeshi, na asilimia 72 ya waliojitokeza wakakataa. Serikali ya Tokyo iliendelea kumwaga mchanga.

Mwenye mgahawa, mama wa miaka sitini na kitu mwenye aproni ya maua, alipiga zote mbili. Nilimwuliza kama ikiitishwa ya tatu atakwenda.

"Asubuhi na mapema," alisema, akifuta meza. "Mchana nina wateja. Wengi wao wanatoka kambini."